Uzoefu wangu na fundi aliyetufungia sampu ya tangi la samaki, Kigoma

Wanaofuga samaki ndani wataelewa hasira yangu, asiyefuga anisikilize tu. Sampu, yaani lile tangi la pili la chini la kusafishia maji, haipimwi pampu ikiwa inazunguka. Pampu ikizunguka kila fundi hodari. Sampu inapimwa umeme ukikatika, na huku kwetu umeme ukitaka kukatika haupigi hodi. Huyu fundi alimaliza kazi akawasha, akasikiliza maji yanavyoshuka bila kelele, akapiga picha za kuweka status, akachukua sehemu kubwa ya hela yake akaondoka. Hakuzima hata mara moja kuona kitatokea nini.

Tangi liko sebuleni kwa mama, mtaani Mwanga. Urefu sentimita 120, upana 50, na ndani wamo Tropheus duboisi, samaki wa ziwa letu hilihili la Tanganyika. Wakiwa wadogo ni weusi tii wana vidoa vyeupe mwili mzima, wakikua vidoa vinapotea, kichwa kinakuwa cha bluu na unatokea mshipi mweupe au wa njano mwilini. Mama anawaangalia kuliko TV. Sasa hawa kutwa wanakwangua ukoga kwenye mawe na kutwa wanachafua, ndio maana tukaamua kuweka sampu kule chini kabatini, maji yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye sponji yanasafishwa, halafu pampu inayarudisha juu.

Umeme ulikatika usiku, mvua zilikuwa zimeshakolea. Mama anasema alisikia maji yanamwagika akajua dirisha liko wazi. Kutoka sebuleni, maji yametapakaa pale karibu na kabati, zulia limelowa lote, na ekstensheni aliyochomekea pampu na hita imelala palepale chini sakafuni ndani ya maji. Hebu fikirieni hapo, umeme haupo lakini unaweza kurudi dakika yoyote, na mama yangu mtu mzima yuko gizani na tochi ya simu, kanga ameikunja magotini, anapapasa ukutani atafute soketi achomoe. Nikilikumbuka hilo mwili unanisisimka mpaka leo.

Na haikuwa kuvuja wala kioo kupasuka! Silikoni yake, ile gundi ya kuungia vioo, ilikuwa kavu kabisa, hakuna tone. Ni hivi: mdomo wa bomba linalorudisha maji juu aliuzamisha sentimita 15 chini ya uso wa maji. Pampu ikizima lile bomba linageuka, linaanza kunyonya maji ya juu kuyashusha chini, na halisimami mpaka mdomo wake ukutane na hewa. Kwa tangi la 120 kwa 50 kila sentimita moja ya kimo ni lita 6, kwa hiyo sentimita 15 ni lita 90 zinashuka. Sampu yenyewe ina urefu wa sentimita 80, upana 35, kimo 40, ikijaa pomoni ni lita 112, na yeye aliiacha na lita kama 70 pampu ikiwa inafanya kazi. Nafasi iliyobaki lita 42, zinakuja 90. Karibu lita 50 ziende wapi kama si kwenye zulia la mama?

Nilipompigia akasema ameweka valvu ya kuzuia maji yasirudi, haiwezekani. Ndiyo, aliweka, na siku za mwanzo umeme ulikatika na hatukuona kitu. Lakini tulipofungua ile valvu tukakuta gamba la konokono mdogo limekaa kwenye kifuniko chake, na mchanga laini pembeni, haifungi. Valvu ndani ya maji yenye konokono na ukoga lazima siku moja ikwame, hilo fundi wa matangi ndiye wa kulijua, siyo mama. Ulinzi wenyewe ni kitobo kidogo kwenye lile bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili maji yakishuka pale hewa iingie na kunyonya kukatike.

Na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mama akachukua simu kwa heshima zake, akamwambia mwanangu hebu njoo uangalie hii kazi yako. Unajua alimjibu nini? "Mama, kama hamuwezi vitu vya kisasa fugeni kuku." Akakata simu! Mama ni mwalimu mstaafu, nusu ya mafundi wa mji huu wamepita mbele ya ubao wake, na hata angekuwa hajui kusoma, mtu mzima anajibiwa hivyo? Kigoma hii? Mama hakusema kitu, alirudisha simu mezani akachukua dekio akaendelea na sakafu. Mimi ndiye nilishindwa hata kula.

Tumemalizia na kijana fundi bomba wa kawaida wa mtaani, hajawahi kufunga tangi la samaki maishani mwake lakini alisikiliza. Akapandisha mdomo wa bomba ukabaki sentimita 2 tu ndani ya maji, akatoboa kitobo, ekstensheni akaipigilia ukutani juu na nyaya akaziachia zining'inie chini kidogo kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondoke njiani. Halafu tukazima wenyewe swichi tukakaa tunaangalia. Maji yalipanda kwenye sampu, yakafika pale tulipobandika solotepu, yakasimama. Kitobo tunakisafisha kwa kijiti kila tukibadilisha maji maana ukoga unakipenda.

Haki yake yule fundi wa kwanza nimpe lakini. Kile chumba cha pampu ndani ya sampu alikifanya kidogo kwa makusudi. Juzijuzi jani liliziba bomba la kushusha maji, pampu ikaendelea kusukuma juu, lakini kwa kuwa chumba kina maji machache ilikauka kabla tangi la juu halijamwagika. Sakafu kavu. Hiyo siyo bahati, hiyo ni akili, na vioo vyake vimekatwa vimenyooka sijaona mwingine hapa mjini anayekata hivyo. Kwa hiyo nilitaka niseme kazi ya vioo mpeni, mabomba tafuteni mtu mwingine, nimpe nyota tatu tuyaishe.

Ila hapana. Mtu anayejua kupiga hesabu ya chumba cha pampu anajua pia hesabu ya bomba la kurudi, ni hesabu ileile, kwa hiyo siyo kwamba hakujua, alikuwa na haraka. Na aliyekuwa na haraka ndiye anamwambia mama yangu akafuge kuku. Nyota moja, na hiyo ni ya vioo. Hela yake iliyobaki ipo, haijapotea, anayo mama. Aje aichukue kwake, mchana, na aanze na shikamoo.