Warsha ya mbinu shirikishi kwa walimu wa madarasa ya juu ya msingi, Tororo: je, inastahili ada yake?

Warsha hii ilifanyika Tororo, mashariki mwa Uganda, wakati wa likizo ya muhula wa kwanza, na iliandaliwa na kampuni binafsi ya mafunzo ambayo sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya malalamiko yangu nimewaandikia na bado sijapata jibu. Iliwalenga walimu wa darasa la tano hadi la saba, na ada yake ilikuwa shilingi 70,000 pamoja na chai, chakula cha mchana na kitini. Kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi hapa Uganda, hizo ni fedha ambazo mtu huzitoa baada ya kuuliza mara mbili zinanunua nini.

Kipindi kilichonirudishia sehemu kubwa ya fedha hizo kilihusu uulizaji wa maswali. Mkufunzi alianza na kazi ya Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu wengi, wakishauliza swali, husubiri kwa takriban sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtoto mwingine au kujibu wenyewe, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu huwa marefu na watoto wanaojitokeza huongezeka. Halafu alitufanyisha zoezi lenyewe. Mwalimu mmoja alisimama mbele na kuuliza kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, huku mwenzake ameshika saa. Kabla sekunde ya pili haijatimia, mwuliza swali alikuwa ameshaanza kutueleza ugomvi wa Nyerere na Amin. Ukumbi mzima ulicheka, lakini kila aliyemfuata alifanya vilevile hadi pale mkufunzi alipotuagiza tuhesabu vidole kimyakimya nyuma ya mgongo. Ni mbinu isiyohitaji karatasi wala umeme, na mwalimu anaweza kuitumia Jumatatu asubuhi bila kuomba kibali cha mwalimu mkuu.

Mbinu ya fikiri-jozisha-shirikisha, ambapo mtoto hufikiri peke yake, hujadiliana na jirani yake, kisha hulieleza darasa zima, mbinu aliyoiasisi Mmarekani Frank Lyman mwaka 1981, nayo ilifundishwa vizuri, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kwa madarasa yetu yaliyofurika. Watoto wanapokaa wanne au watano kwenye dawati moja, mwenzi yuko tayari ubavuni na hakuna anayelazimika kuhama. Katika darasa la watoto 90, mwalimu aliyezoea kuuliza mtoto mmoja mmoja husikia sauti kumi tu katika kipindi kizima, ilhali kwa mbinu hii watoto 45 wanazungumza kwa wakati mmoja juu ya mada. Kelele ni kweli zipo, na shule ambazo ukuta kati ya madarasa ni wa mbao hadi nusu tu zitapata taabu na jirani. Mkufunzi alipendekeza ishara ya mkono ulioinuliwa, ambao kila mtoto anayeuona huinua wake na kunyamaza. Inachukua muda watoto kuizoea, lakini inaokoa koo la mwalimu.

Upungufu wa warsha ulijitokeza zaidi kwenye mbinu ya vipande, ile ambayo mwanasaikolojia Elliot Aronson aliianzisha Austin, Texas, mwaka 1971, wakati shule za huko zilipoanza kuwachanganya watoto weusi na weupe na uhasama ukawa mkubwa madarasani. Kila mwanakikundi hupewa kipande chake cha somo, wenye kipande kimoja hukutana kukichambua, kisha kila mmoja hurudi kwenye kikundi chake cha awali kuwafundisha wenzake. Mfano tuliopewa ulichaguliwa kwa busara, kwa sababu Maarifa ya Jamii ya darasa la sita yanahusu Afrika Mashariki: kipande cha kwanza kilikuwa jumuiya ya zamani ya 1967 hadi 1977, cha pili, mkataba wa 1999 ulioanza kutumika 2000, cha tatu, nchi zilizojiunga baadaye, yaani Rwanda na Burundi 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024, na cha nne, vyombo vya jumuiya vilivyoko Arusha. Sisi watu wazima, tukiwa na viti vya plastiki vinavyohamishika katika ukumbi wa hoteli, tuliifanya bila tatizo. Mwalimu mmoja alipouliza itafanyikaje pale ambapo kati ya dawati na dawati hapapiti hata mtoto mmoja, mkufunzi alisema kila mwalimu ataangalia mazingira yake, kisha akaendelea na mada nyingine. Jibu la namna hiyo halilipiwi ada.

Suluhisho lilitoka kwa mshiriki mwenzetu wakati wa chai. Alieleza kwamba yeye huligawia dawati zima kipande kimoja, watoto wakakisoma pamoja, kisha dawati la mbele hugeuka kulikabili la nyuma na kila upande ukaufundisha mwingine. Vipande vinakuwa viwili badala ya vinne, na hakuna mtoto anayeondoka mahali pake. Nimeifanya hivyo katika darasa la sita, nikagawa jumuiya ya zamani kwa madawati ya mbele na nchi wanachama kwa ya nyuma, na haikuchukua muda mtoto mmoja wa nyuma akasimama na kudai kuelezwa mbona ramani iliyochorwa kwenye gunia na kutundikwa ukutani ina nchi tano tu. Siku hiyo sikuhitaji kuuliza kama wameelewa.

Kuhusu zana za kufundishia sina mengi. Tuligawiwa manila za rangi, gundi na kalamu za wino mzito, vitu ambavyo shule nyingi za serikali hununua kwa kuhesabu, wakati kila mwalimu pale ukumbini anajua kuchora chati kwenye gunia la sukari lililofumuliwa, ambalo halichaniki na hukunjwa likawekwa hadi mwaka ujao. Zoezi la sehemu kwa vizibo vya soda lilikuwa zuri: vizibo 24 mezani, mtoto atenge theluthi, kisha robo tatu, na amweleze jirani amefikaje kwenye 8 au 18. Matembezi ya galari, yaani watoto kuzunguka wakisoma chati zilizotundikwa, yanafaa ikiwa chati zitakuwa kwenye ukuta wa nje.

Kipindi cha Kiswahili kilikuwa kifupi mno, hasa ukizingatia kwamba Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 somo hili liwe la lazima katika shule za msingi na sekondari. Igizo la kupatana bei sokoni liliwachangamsha hata walimu wasiokijua Kiswahili vizuri, na kwa watoto wanaoishi karibu na mpaka wa Malaba lugha hiyo hawaisikii darasani pekee. Kilistahili nusu siku.

Lililonikera zaidi ni kwamba mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, haukuguswa kabisa. Mwalimu wa darasa la saba anapimwa kwa masomo manne, kila moja likipewa alama ya 1 hadi 9, na mzazi anayekuja shuleni Januari huuliza ni watoto wangapi wamepata daraja la kwanza. Ndiyo maana muhula wa tatu unajaa mitihani ya miaka iliyopita, watoto wakinakili majibu kutoka ubaoni. Mbinu hizi zingeweza kuingizwa humo humo, kwa mfano kuwapa wawili wawili karatasi iliyojibiwa kwa makosa waisahihishe na kutetea kila alama waliyokata. Swali kuhusu PLE liliulizwa, na tukaambiwa tu kwamba mbinu shirikishi zitainua matokeo.

Baada ya warsha tuliahidiwa kutembelewa shuleni. Hakuna aliyekuja kwetu, na kundi la WhatsApp limegeuka ubao wa matangazo ya mafunzo yajayo. Cheti nilichopewa kina jina lililokosewa herufi. Chakula, kwa haki yao, kilikuwa kizuri na kwa wakati.

Warsha nyingine imetangazwa kwa likizo ya Desemba, kwa ada ya shilingi 85,000. Mwalimu mpya wa darasa la tano au la sita atapata humo mambo ya kumtosha muhula mzima, na ningemshauri aende, akae karibu na walimu wenye madarasa makubwa wakati wa chai. Mwenye darasa la saba pekee asilipe kabla ya kuona ratiba na kuhakikisha kwamba PLE imo.