Tathmini: ofisi ya uandikishaji ya skuli moja ya Kikatoliki, Unguja mjini

Watu wa mjini wakiisifu skuli ya masista, husifu uwanja uliofagiliwa, watoto waliochomekea na Kiingereza kinachotoka bila kigugumizi. Chumba kilicho ubavuni mwa geti, chenye makabati 2 ya chuma na karani mmoja, hakitajwi. Na humo ndimo kunakoamuliwa jina gani mtoto atalibeba hadi cheti cha Kidato cha Nne, nani anaruhusiwa kumchukua saa ya kutoka, na kama kutokuwepo kwake kutagundulika asubuhi ile ile au baada ya siku 3.

Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Mzee, yaani mzazi au mlezi, anayeamua kulipa ada mahali pengine ana haki ya kuikagua huduma hiyo kama anavyokagua bidhaa dukani. Jina la skuli tumeliacha, kwa kuwa kasoro tulizozikuta zinazungumzika na mwalimu mkuu. Kwa ufupi: uandikishaji ni hodari, mafaili yanatunzwa vizuri, na mahudhurio ndipo panapovuja.

Tuanze na jina, maana ndilo linalowatesa wazee wengi na ndilo ofisi hii inaloliweza kuliko skuli nyingi. Karani hapokei fomu bila cheti cha kuzaliwa chenyewe mkononi. Nakala peke yake hairuhusiwi. Anakiweka mezani, anaandika jina kwa herufi kubwa, herufi moja baada ya nyingine, kisha mzee anasoma kwa sauti na kutia saini pembeni. Baadhi ya wazee hukereka kwa hatua hiyo. Wasikereke. Kadi ya kliniki mara nyingi iliandikwa na nesi kwa kusikia tu, wakati foleni imefika mlangoni. Khadija akawa Hadija, Mwanakhamis akawa Mwanahamisi, Said akawa Saidi. Mtoto akiandikishwa kwa kadi ile, makosa yanahamia kwenye rejista, kutoka hapo kwenye ripoti, na mwisho kwenye orodha inayopelekwa Baraza la Mitihani la Zanzibar. Kulirekebisha jina darasa la kwanza ni kazi ya kalamu na dakika 5. Kulirekebisha baada ya matokeo kutoka ni hati ya kiapo, barua, nauli na miezi ya kusubiri.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Hapa kwetu jina kamili ni la mtoto, la baba na la babu. Familia nyingi za Kikristo Unguja na Pemba zina asili ya Bara, na huko jina la tatu huweza kuwa la ukoo. Baba anajaza fomu ya mtoto wa kwanza kwa jina la babu, ya wa pili kwa jina la ukoo, na ndugu wa tumbo moja wanasomeka kama watoto wa nyumba mbili. Fomu ya skuli hii ina visanduku 3 vya majina lakini haisemi kisanduku cha tatu ni cha nani. Sentensi moja chini yake ingetosha. Kabla hujaondoka nyumbani, tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na, kwa Wakristo, cheti cha ubatizo. Herufi moja ikipishana, usiende skuli kwanza. Nenda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ikiwa mtoto kazaliwa Zanzibar, au shughulikia RITA, wakala wa usajili wa vizazi wa Bara, ikiwa kazaliwa huko.

Cheti cha ubatizo kinaleta mkanganyiko wake. Wapo wanaokileta badala ya cheti cha kuzaliwa kwa kuwa kina tarehe ya kuzaliwa ndani yake. Ofisi inakataa, na inafanya sawa. Cheti cha ubatizo kinathibitisha sakramenti. Umri na uraia vina karatasi zake. Hapa kinatumika kwa jambo moja, kumpanga mtoto kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Anayekihitaji upya anakiomba katika parokia alikobatizwa, si anakosali sasa, kwa sababu kitabu cha ubatizo kinabaki kule kule na kumbukumbu za baadaye, kama kipaimara na ndoa, huongezwa ubavuni mwa mstari ule ule. Ukiandika barua kwenda parokia ya Bara, taja jina la ubatizo, majina ya wazazi, jina la msimamizi wa ubatizo na mwaka. Namba ya kitabu ukiijua, jibu linarudi upesi zaidi.

Karatasi nyingine ni za kawaida: barua ya sheha wa mnakoishi, nakala ya kitambulisho cha mzee, picha 4 za pasipoti, nakala ya kadi ya kliniki, na ripoti ya maandalizi kama alisoma kwengine. Kwenye kadi ya kliniki karani anatazama ukurasa wa chanjo, khasa surua na rubela, ambayo hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahauliwa sana, maana mtoto kishaanza kutembea na mama kishaacha kwenda kliniki. Asiye nayo hakataliwi. Anapewa barua ya kwenda kituo cha afya.

Umri unafuata Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006: maandalizi miaka 2, msingi miaka 6, na darasa la kwanza mtoto anaingia akiwa na miaka 6. Kuna wazee wanaomsukuma wa miaka 5 kwa kuwa "anajua kusoma". Ofisi haikubali, na tunaiunga mkono. Kusoma anajua, ila vidole vyake havijawa tayari kuandika ukurasa mzima, na akifika darasa la tano, hisabati na sayansi zinapogeuka Kiingereza, mwaka ule mmoja aliouruka unaanza kumdai.

Usaili, kwa upande mwingine, unahitaji kutengenezwa. Unachukua kama dakika 20: rangi, kuhesabu hadi 20, kushika penseli, kutaja jina lake na la mzee wake. Yote kwa Kiingereza. Mtoto wa Kiswahili safi kutoka Makunduchi au Micheweni anakaa kimya, na kimya chake kinaandikwa kuwa ni uzito wa akili. Maswali yale yale yaulizwe kwanza kwa Kiswahili, kisha Kiingereza kipimwe peke yake. Mwalimu atajua nini mtoto hajui, na nini hajakisikia bado.

Swali la dini lazima lizungumzwe, kwa kuwa wazee wengi wa Kiislamu wanaitaka skuli hii na wanasita mlangoni. Fomu ina sehemu ya dini ya mtoto na ya kipindi cha dini atakachohudhuria, na mzee ndiye anayejaza na kutia saini. Asiye Mkatoliki haingizwi katekesi, yaani mafundisho ya imani ya Kikatoliki. Ushungi unaruhusiwa, ila kwa rangi ya sare. Huo si ukarimu wa mwalimu mkuu wa sasa tu: Sheria ya Kanisa, kanuni ya 748, inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuipokea imani ya Kikatoliki. Jaza sehemu hiyo kwa mkono wako, usimwachie karani akujazie kwa kutazama jina. Hamisi anaweza kuwa Mkristo, na Mariamu anaweza kuwa wa dini yoyote kati ya hizi mbili.

Sasa mafaili. Kila mtoto ana namba moja kutoka rejista ya uandikishaji, na namba hiyo haipewi mwengine hata mtoto akihama. Inaandikwa kwenye jalada la faili, kwenye ripoti na kwenye rejista ya darasa. Ndani ya faili mna fomu, nakala za vyeti, ripoti za mihula yote, taarifa za afya na karatasi ya wachukuaji: watu 3 wenye picha na namba ya simu. Karatasi hii ni bora kuliko tulivyoona katika skuli nyingi. Mlinzi ana nakala getini, na mtu asiyemo haondoki na mtoto hata akiwa mjomba. Udhaifu wake ni kwamba haiombwi upya kila Januari. Namba ya simu ya miaka 3 iliyopita, yenye laini iliyofungwa, ni sawa na kutokuwa na namba. Ukibadilisha laini, nenda ofisini siku hiyo hiyo. Usimwambie mwalimu wa darasa tu, kwa sababu daftari lake na faili havizungumzi.

Makabati yako juu ya matofali, mbali na ukuta wa nje. Jambo dogo hilo, lakini anayejua chumvi ya hewa ya Mji Mkongwe na unyevu wa masika ataelewa thamani yake. Kinachokosekana ni nakala ya pili. Rejista ya uandikishaji ni kitabu kimoja tu, na bomba la juu likipasuka, kumbukumbu za miaka yote zinageuka uji. Kupiga picha kila ukurasa kwa simu na kuzihifadhi mahali pawili ni kazi ya siku moja.

Uhamisho unakwenda vizuri kwa anayefuata mpangilio: kwanza barua ya nafasi kutoka skuli anakokwenda, pili saini ya mwalimu mkuu wa hapa, tatu mhuri wa ofisi ya elimu ya wilaya. Wanaoanza na saini ndio wanaorudishwa. Deni la ada halizuii barua kutoka. Linaandikwa pembeni na kudaiwa kwa njia nyingine. Tunalisifu hilo kwa moyo wote, maana mtoto hapaswi kukaa nyumbani muhula mzima kwa sababu ya hesabu za wakubwa. Anayetoka Bara ajue kwamba msingi hapa unaishia darasa la sita, wakati Bara watoto kwa miaka mingi wamekuwa wakiishia la saba na mtaala mpya ndio unaowaleta kwenye sita. Mtoto aliyekuwa la tano kule huenda akafika hapa akiwa na mwaka mmoja tu mbele ya mtihani wa kumaliza. Uliza darasa atakalowekwa kabla ya kulipa ada.

Tufike kwenye mahudhurio. Geti linafungwa saa 1:30 asubuhi, majina yanaitwa saa 1:45. Rejista ina alama 4: aliyepo, mgonjwa, mwenye ruhusa, mtoro. Mzee anatakiwa kutoa taarifa kabla ya saa 3. Ugonjwa ukizidi siku 3 inatakiwa karatasi ya daktari, na siku 5 bila taarifa mzee anaitwa. Sheria ni nzuri. Zinavyotekelezwa ndipo kwenye shida.

Kwanza, hakuna alama ya mchelewaji. Mvua ya masika ikijaza barabara, daladala linafika saa 2, na mtoto kishaandikwa hayupo. Anaingia darasani, anasoma mpaka mwisho, na rejista inabaki ilivyo. Ripoti ikija, mzee anaona utoro ambao haukutokea. Mpaka skuli iongeze alama ya tano, mtoto aliyechelewa apitie ofisini achukue karatasi, na mzee aombe kuona rejista mwisho wa kila mwezi. Haki hiyo ipo, na mwalimu wa darasa hakatai.

Pili, na hili ndilo zito, majina yanaitwa mara moja tu. Chukua muhula wa siku 96. Ukihesabu asubuhi na baada ya mapumziko, ni mahudhurio 192. Mtoto aliyetoroka mara 12 baada ya mapumziko ana 180 kati ya 192, yaani asilimia 93.75. Kwa rejista ya skuli hii ana asilimia 100. Asilimia tuiache, mtoto wa miaka 7 akitoka uwanjani saa 4 na asirudi darasani, hakuna karatasi inayopiga kelele mpaka saa ya kutoka. Kuita majina ya watoto 40 kwa mara ya pili ni dakika 3. Hatuoni sababu ya kulikosa.

Tatu, baadhi ya walimu hujaza rejista Ijumaa kwa kukumbuka. Utaitambua: wino mmoja, mkono mmoja, wiki nzima mistari imenyooka. Ijumaa yenyewe masomo yanaisha mapema kwa ajili ya sala, na haraka ile ndiyo inayozaa makosa.

Kalenda imepangwa kwa busara. Ramadhani vipindi vinafupishwa. Idd inategemea mwezi kuandama, kwa hiyo skuli inatangaza siku 2 za uwezekano na mzee anasubiri tangazo la usiku. Jumatano ya Majivu, siku Wakatoliki wanapoanza Kwaresima, wanaokwenda misa wanahesabiwa wapo, na wasiokwenda wanaendelea na masomo. Ndugu wa Pemba wanaowaleta watoto kukaa kwa shangazi hapa mjini waangalie jambo moja: msimu wa karafuu si sababu ya ruhusa katika skuli hii, hata kama nyumbani mkono wa mtoto unahitajika.

Kwenye magonjwa ya kuambukiza, maelekezo ya fomu ni "mpaka apone", na hayo hayatoshi. Tetekuwanga arudi vipele vyote vikishakauka na kufanya magamba. Surua akae nyumbani siku 4 tangu upele kutokea. Siku hizo ziandikwe mgonjwa, na mzee aombe mwalimu ampe kazi za nyumbani, kwa kuwa hazitolewi mpaka ziombwe.

Fomu zinatolewa Septemba na Oktoba kwa wanaoanza Januari. Nenda Jumanne hadi Alkhamisi, kati ya saa 3 na saa 6. Jumatatu foleni ni ya ada, Ijumaa dirisha linafungwa saa 5:30. Chukua kalamu yako, na usiache cheti halisi ofisini hata ukiahidiwa kukipata kesho. Karani anatakiwa kukitazama, kupiga mhuri nakala na kukurudishia papo hapo.