Ripoti ya darasa la tatu ambayo daktari hakuisoma: uzoefu wangu katika kliniki ya afya ya akili

Nianze na ghorofa ya pili, kwa sababu haki lazima itendeke. Hospitali hii binafsi ya hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, ndiyo iliyomtibu mwanangu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaelekeza ndugu na majirani waende huko huko. Daktari wa watoto, mama wa makamo, alikaa sakafuni na mtoto, akamtazama anavyochomoa na kurudisha kifuniko cha kalamu mara zisizo na idadi, akatuma dodoso shuleni kwa mwalimu wake, na ilikuwa katika ziara ya tatu ndipo aliponiambia kwamba mtoto ana ADHD, yaani ile hali ya ubongo inayompa mtu shida ya kushika umakini, kutulia na kuzuia msukumo wa ghafla. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Na wewe mama, ulipokuwa mdogo ulikuwaje?" Akanieleza kwamba hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na kwamba wazazi wengi hujitambua siku wanapomleta mtoto. Akaniandikia rufaa ya kwenda ghorofa ya nne, kwenye kliniki ya afya ya akili ya watu wazima.

Haya ninayoyaandika yanahusu ghorofa ya nne.

Sikwenda kule kwa kubahatisha. Mimi ni wakala wa forodha, na kwa zaidi ya miaka kumi nimeishi kwa karatasi ndogo za njano zilizobandikwa kwenye kompyuta, kwenye mlango wa jokofu na ndani ya pochi. Ninaweza kununua umeme wa LUKU, nikaziona zile tarakimu 20 kwenye simu, nisiziingize kwenye mita mpaka nyumba iingie giza. Nimeunguza maharage nikiwa nimesimama jikoni hapo hapo. Mwaka juzi, au labda ni mwaka uliotangulia huo, mzigo wa mteja ulikaa bandarini ukapitisha siku zake za bure kwa sababu ya waraka mmoja ambao nilikuwa nimekwisha kuukamilisha lakini nikasahau kuutuma, na gharama za hifadhi zikakatwa katika mshahara wangu kwa miezi kadhaa. Asiyeijua hali hii ataiita uzembe. Mimi mwenyewe niliiita hivyo, na nimejitukana kwa neno hilo tangu nikiwa msichana.

Basi nilijiandaa. Nilisoma kwamba mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, hutaka dalili walau tano kwa mtu mwenye miaka 17 na zaidi, ilhali kwa mtoto hutakiwa sita, na kwamba baadhi ya dalili hizo lazima ziwe zilijitokeza kabla ya miaka 12. Hapo ndipo nilipompigia mama yangu, Muheza. Alifungua sanduku la bati analohifadhia vyeti vya ubatizo na hati ya shamba, akaitoa ripoti yangu ya darasa la tatu, akaitia kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi, nami nikaenda kuipokea stendi ya Magufuli, Mbezi. Karatasi imeliwa na mende pembeni, lakini mwandiko wa mwalimu wa darasa unasomeka vizuri, kwa wino wa bluu: "Ana akili nzuri ila hatulii. Hupoteza kalamu kila wiki. Hujibu kabla swali halijaisha." Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa kwenye benchi la stendi nikalia, kwa sababu kumbe kulikuwa na mtu aliyeniona.

Miadi ya kwanza niliikosa kwa kuchanganya Jumanne na Alhamisi, na dada wa mapokezi akaniambia kwamba mgonjwa anayeumwa kweli hasahau siku yake. Niliomba radhi. Kliniki ile humtaka aliyekosa miadi aanze upya kabisa: daktari wa kawaida, rufaa nyingine, dirisha la bima, kisha foleni. Utaratibu huo unamchosha mtu yeyote, na kwa mgonjwa ambaye maradhi yake ndiyo hayo ya kusahau na kushindwa kufuatilia hatua nyingi, ni sawa na kumfungia mlango, wakati ujumbe mfupi wa simu siku moja kabla ungetosha.

Siku nilipoingia, nilimwamkia daktari, "Shikamoo," naye akaitikia "Marahaba" huku bado akiandika kwenye faili la mgonjwa aliyetoka. Nilipoanza kueleza, alinikatiza. Una kazi? Ninayo. Umesoma mpaka wapi? Chuo kikuu. Una watoto? Wawili. "Sasa mama, mtu mwenye digrii na kazi yake atakuwaje na ugonjwa wa watoto? Haya mambo mnayaokota mitandaoni. Punguza simu, lala mapema." Nikaitoa ripoti kwenye bahasha na kuiweka mbele yake, nikikusudia kumwonyesha mstari wa mwalimu. Alitia kidole kimoja juu ya karatasi, akaisukuma pole pole ikarudi upande wangu, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula asichokitaka. Macho yake hayakushuka kuitazama hata mara moja. Kisha akasema: "Na dawa za kukesha sikuandikii. Wengi wanakuja hapa kuzitafuta."

Sikuwa nimetaja dawa yoyote.

Nimekifikiria kidole kile mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Najitahidi kumtendea haki. Najua kwamba methilfenideti, dawa inayotumika sana kwa hali hii, imo chini ya udhibiti wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na kwamba daktari asiyejihadhari anaweza kuwadhuru watu. Najua pia kwamba sonona, wasiwasi, kukosa usingizi, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kufanana na dalili zangu. Angeniambia, "Tuanze kwa kuyaondoa hayo," ningenyoosha mkono nitolewe damu saa ile ile na ningemshukuru. Hakuandika kipimo hata kimoja. Hakunipa hata lile dodoso la watu wazima lililotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ambalo lina maswali 18 tu na ambalo ningelijaza pale benchi nikisubiri. Na huo anaouita ugonjwa wa watoto umo katika uainishaji wa magonjwa wa shirika hilo ulioanza kutumika Januari 2022, kwa namba 6A05, wala haukufungiwa utotoni.

Alinipima kwa digrii. Hakuuliza niliipataje: kwa kukesha usiku wa kuamkia kila mtihani, kwa kurudia masomo mawili, na kwa rafiki wa bweni aliyekuwa akinigongea mlango na kunishikia kitambulisho cha mtihani ili nisikipoteze. Mtu akivuka mto kwa kung'ang'ania gogo, huwezi kumwambia kwamba kwa kuwa amefika ng'ambo basi anajua kuogelea.

Nilitoka na karatasi ya amitriptilini, "ya kutuliza mawazo". Nilimeza kwa wiki mbili hivi. Mdomo ulikauka, asubuhi nilikuwa mzito kama niliyepigwa rungu, na makosa kazini yakazidi. Nikarudi kwa daktari wa kawaida, tukaiacha.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mtu mzima mwenye shida hii asiikanyage ghorofa ile. Siwezi kuandika hivyo moja kwa moja, kwa sababu ya nesi. Kwa hasira niliyokuwa nayo siku ile, niliiacha ripoti mezani. Nilikuwa nimefika kwenye maegesho aliponifikia akihema, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Alisema, "Dada, usiipoteze hii. Nimeisoma. Mdogo wangu yuko hivi hivi, na nyumbani tulimchapa sana." Akanitajia jina la msaikolojia wa hospitali nyingine, akarudi ndani mbio kabla hajaitwa. Kwa hiyo ghorofa ya nne yupo mtu anayesoma. Hana tu mamlaka ya kuandika.

Wengine watasema daktari alikuwa amechoka, na huenda kweli, maana foleni ilifika hadi kwenye ngazi na sisi sote tunajua jinsi wataalamu hao walivyo wachache nchini. Jana ningelikubali hilo. Leo, baada ya kuyaandika yote haya, silikubali tena, kwa kuwa kuisoma mistari mitatu ya mwalimu kungemchukua muda ule ule alioutumia kuisukuma karatasi. Niliandika malalamiko nikayatia kwenye sanduku la maoni lililoko karibu na lifti, nikaacha na namba yangu ya simu. Hakuna aliyepiga.

Kwa mtoto, nendeni ghorofa ya pili bila wasiwasi. Mimi miadi yangu kwa yule msaikolojia ni mwezi ujao; imeandikwa kwenye mlango wa jokofu, na mdogo wangu ameahidi kunipigia usiku wake na asubuhi yake. Mwanangu ana miaka minane. Akifikisha miaka 18 faili lake litapandishwa ghorofa ya nne, kwa hiyo nimetoa nakala mbili za dodoso la mwalimu wake, na moja nimempelekea mama aiweke kwenye sanduku la bati.