Huduma ya wakili wakati wa kukaza hukumu: mawakili wawili, faili moja

Nina karakana ya useremala, na mwaka juzi nilishindwa shauri la deni la mbao la shilingi 14,600,000 katika Mahakama ya Wilaya. Utetezi wangu ulikuwa kwamba mzigo wa tatu haukunifikia. Hakimu aliona sahihi yangu kwenye hati ya mapokezi, akaamua kwamba ulifika. Sikukata rufaa ndani ya siku 90, kosa ambalo ni langu mwenyewe.

Dalali wa mahakama alipokuja kukaza hukumu, yaani kuitekeleza kwa kukamata mali yangu, wakili wa kwanza alichukua ada yake na kuwasilisha kurasa kumi na moja za pingamizi, zote zikirudia habari ya mzigo wa tatu. Pingamizi lilitupwa kabla sijakaa vizuri kwenye benchi, kwa kuwa kazi ya mahakama inayokaza hukumu ni kuitekeleza kama ilivyoandikwa, na jambo lililokwisha kuamuliwa kati ya wadaawa (pande za kesi) walewale haliwezi kufufuliwa kwa mlango wa nyuma.

Wakili wa pili, mama mmoja ambaye ofisi yake haina hata kibao kikubwa, ndiye ninayemwandikia tathmini hii. Nilipoanza tu kumsimulia, alinikatiza: "Fundi, habari ya mzigo wa tatu imekwisha. Nioneshe ulicholipa baada ya hukumu." Nilikuwa na hati za benki za shilingi 3,500,000. Alinieleza kwamba kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, Sura ya 33 (toleo la 2019), kinaipa mahakama hiyohiyo inayokaza hukumu kazi ya kuamua maswali ya utekelezaji, yakiwemo kama deni limelipwa na kwa kiasi gani, bila kufungua kesi mpya. Ila chini ya Amri ya 21 ya sheria hiyo malipo yaliyofanyika nje ya mahakama hayatambuliwi mpaka yaandikishwe mahakamani, na ndiyo maana hati zangu, kwa muda wote zilipokaa kwenye droo pamoja na misumari, hazikuwa na thamani yoyote mbele ya dalali. Aliomba mdai aitwe aeleze kwa nini malipo hayo yasiandikishwe. Mdai hakubisha, na deni likashuka hadi shilingi 11,100,000, mbali na gharama.

Kuhusu vifaa vilivyokamatwa, alitumia kifungu cha 48 cha sheria hiyohiyo kinacholinda zana za fundi, na patasi, randa na misumeno ya mkono vikarudi. Mashine kubwa ya kuranda haikurudi kwa njia hiyo. Ilikuwa mali ya shemeji yangu, ambaye hakuwa sehemu ya kesi, hivyo wakili alimtaka shemeji mwenyewe alete pingamizi lake na ushahidi wa umiliki, badala ya mimi kumsemea. Nilipouliza kama hukumu yenyewe haiwezi kuguswa kabisa, alijibu kwamba ubishi ambao yeye angeuona una uzito katika hatua hiyo ni wa mahakama kukosa mamlaka ya kusikiliza shauri, na kwangu haukuwepo. Nililipenda jibu hilo kuliko kurasa kumi na moja za mwenzake.

Kasoro zake zipo. Hapokei simu baada ya saa tisa alasiri, stakabadhi ya ada niliipata baada ya kuidai mara tatu, na hakunitahadharisha mapema kwamba gharama za dalali za kuhifadhi mali zinaendelea kuhesabiwa siku zote tunaposubiri tarehe nyingine.

Nampa alama nne kati ya tano. Kiasi kilichobaki nalipa kwa mafungu, kwa ridhaa ya mdai na amri ya mahakama, na kila fungu ninalipeleka benki asubuhi, kisha naipitisha nakala ya hati masjala siku hiyohiyo.