Nairobi Gallery: kale kanyumba ka mawe karibu na Nyayo House

Miaka yote nimekuwa nikipita hapo na mat nikidhani ni ofisi tu ya serikali, kumbe ndani kuna vitu. Jumamosi nikaenda na shangazi. Mtu wa nduthi hata hakuijua, akatushukisha Nyayo House tukamalizia na miguu, iko hapo tu kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway.

Ilijengwa 1913, ofisi ya mkoloni, baadaye watu wakaizoea kama ofisi ya PC, yaani mkuu wa mkoa. Mtoto akizaliwa, watu wakioana, mtu akifa, yote yalikuwa yanaandikishwa hapo. Shangazi kusikia hivyo akasimama katikati ya ule ukumbi wa pembe nane, chini ya kuba, akauliza na ile sauti yake ya sokoni, "Kwani watu walikuwa wanaolewa hapa?" Sauti ikapanda juu ikarudi, kila mtu akageuka, mimi nikajifanya simjui.

Kilichonibamba ni mkusanyiko wa Joseph Murumbi, yule alikuwa makamu wa rais 1966 na akajiuzulu mwaka huohuo. Yeye na mkewe Sheila walinunua sanaa ya Afrika wakati watu wengi walikuwa wanaona ni vitu vya kuuzia watalii, vinyago, vitambaa, shanga, na hayo mapambo ya shingoni ndio yalinikwamisha, unaangalia unajiuliza mtu alikuwa anageuzaje kichwa akiwa ameyavaa.

Sasa kinachouma ni kwamba mpango ulikuwa nyumba yake ya Muthaiga ndio iwe kituo cha hivi vitu. Akauzia serikali miaka ya 1970, nyumba ikaachwa ikaharibika, mwishowe ikabomolewa. Lakini wacha niseme ukweli, hapa vimekaa poa, kwa sababu vyumba ni vidogo, unasimama karibu na kitu kama mgeni ameingizwa sebuleni anangoja chai.

Saa moja inatosha, ukiwa mtu wa kusoma kila kibandiko weka mbili. Vitabu vya Murumbi viko National Archives, Moi Avenue, unatembea tu ukitoka.

Na usiondoke bila kuona Point Zero, hapo ndio umbali wa kutoka Nairobi ulikuwa unapimiwa. Shangazi alitaka picha hapo, nikampiga tatu, zote amefunga macho.