Australia: taarifa ya muswada au sheria ya haki?

Mwaka 2009 kamati iliyoongozwa na kasisi na mwanasheria Frank Brennan, iliyopokea maoni zaidi ya 35,000, ilipendekeza Australia itunge sheria ya taifa ya haki za binadamu. Aprili 2010 serikali ikakataa, ikaja na mbadala: sheria ya 2011 inayolitaka bunge lichunguze miswada kwa jicho la haki za binadamu. Kila muswada huambatana na taarifa inayoeleza kama unaendana na haki, kisha kamati ya watu 10, wabunge na maseneta, huupitia. Basi. Taarifa haiilazimishi mahakama kuifuata, na isipotolewa, sheria ni halali vilevile. Ripoti ya kamati nayo mara nyingine hutoka muswada umeshapita, maji yameshamwagika.

Jimbo la Queensland lilitunga sheria yake ya haki za binadamu mwaka 2019, na idara za jimbo zinawajibika kuifuata. Ukidhulumiwa, lalamika kwanza kwenye idara husika. Zikipita siku 45 za kazi bila jibu la kuridhisha, nenda Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo kwa usuluhishi. Fidia ya fedha usiitarajie, sheria hiyo haiitoi. Angalau kuna mlango wa kubisha. Ila mhamiaji aliyezuiliwa na serikali ya shirikisho (ya taifa), sheria hii ya jimbo haimfikii.