Matairi ya baiskeli ya mlimani kwa kiangazi: tazama ubavu kwanza

Tangu Juni malalamiko ninayoletewa na wasomaji yana sura moja. Mtu amenunua tairi jipya, kashata zake, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga chini, zimesimama vizuri, amelilipia fedha ambayo hakupenda hata kumtajia mwenzake nyumbani, kisha siku ya mbio, kabla ya kituo cha kwanza cha maji, amekaa chini ya mgunga akiziba pancha huku wenzake wakimpita mmoja mmoja. Nilipowaomba wanitumie picha, karibu zote zilionyesha kwamba tundu halikuwa kwenye kashata. Lilikuwa ubavuni.

Kwa hiyo mwongozo huu hautahangaika na umbo la kashata, wala na gramu, wala na rangi ya kahawia ya ubavuni iliyorudi kwenye mtindo, kwa sababu hayo muuzaji yeyote atakueleza bila kuulizwa. Unawahusu waendeshaji wa ridhaa wanaoshindana na kufanya mazoezi vijijini kati ya Juni na Oktoba, hasa katika nyanda kavu zinazouzunguka Mlima Meru na Monduli na kushuka hadi Longido, ingawa anayevuka Namanga kwenda kwenye mashindano ya 10to4 katika miteremko ya Mlima Kenya mwezi Februari, ambao huko nao ni wa ukame, hataachwa na miiba ileile.

Adui anayetajwa sana ni mbigili, na nadhani anatajwa kupita kiasi. Mbigili ni mmea mdogo unaotambaa chini na kutoa maua ya njano wakati wa mvua, na wakati huo hakuna anayeujali. Kiangazi kikifika, tunda lake hukauka na kupasuka vipande vitano, kila kipande kikiwa na miiba miwili mikali iliyokaa kwa namna ambayo, kikianguka vyovyote vile, mwiba mmoja hubaki ukitazama juu. Huzagaa pembezoni mwa njia, kwenye viwanja vya minada na mahali malori yanapogeuzia. Hata hivyo mbigili huchoma kashata, tundu lake ni dogo, na dawa ya pancha iliyomo ndani ya tairi la tyubulesi, lile lisilotumia tyubu, huliziba kabla mwendeshaji hajajua kwamba amechomwa. Ndiyo maana sioni sababu ya kulipia zaidi tairi linalosifiwa kwa kuhimili mbigili peke yake.

Mwiba wa mgunga ni habari nyingine. Vijia vya kiangazi huko Monduli ni vya ng'ombe: kwato zimevichimba mpaka vimekuwa mifereji ya kina cha shibiri na zaidi, na udongo wa volkano uliomo ndani umesagika ukawa vumbi jepesi linalofunika kila kitu. Ndani ya mfereji kama huo tairi halikanyagi chini tu, bali husugua kuta za pande zote mbili. Na juu ya kuta hizo ndipo yanapobaki mabaki ya matawi ya miiba yaliyokatwa kwa ajili ya kuzungushia boma, kwa kuwa matawi hayo huburutwa kutoka porini hadi nyumbani kwa kupitia kijia hichohicho, na kila yanapopita huacha vipande. Mwiba mweupe, mnyoofu, mrefu kuliko kidole gumba, hulala kwa ubavu na kuingia kwenye tairi kwa ubavu. Ongeza hapo mawe ya volkano yenye kingo kali, yale yanayobaki wazi baada ya maji ya masika kuondoa udongo, na utaelewa kwa nini kashata nzuri hazikuwasaidia walioniandikia.

Chini ya kashata kuna mpira mnene juu ya tabaka za nyuzi. Ubavuni mara nyingi kuna nyuzi tu zilizopakwa mpira mwembamba, kwa sababu hapo ndipo mtengenezaji anapopunguza uzito ili aandike namba ya kuvutia kwenye boksi. Isitoshe, ubavu hujikunja na kujinyoosha kila gurudumu linapozunguka, hivyo dawa iliyokwisha kuganda kwenye tundu huvunjwa na mkunjo huohuo. Utaliona tairi limelowa majimaji meupe upande mmoja. Linaziba, linavuja, linaziba tena, mpaka upepo unaisha. Muuzaji atakutajia nyuzi 120 kwa inchi kuwa ni sifa kuu, na ni kweli kwamba nyuzi nyembamba zilizo nyingi hulifanya tairi liwe laini na lipite vizuri juu ya kokoto. Lakini nyuzi 60 ni nene zaidi, na tairi la nyuzi 120 lisilo na tabaka la kinga ubavuni limetengenezwa kwa ajili ya mbio za nchi zisizo na migunga.

Dukani fanya hivi. Toa tairi kwenye boksi, bana ubavu wake kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kisha fanya vivyo hivyo kwa tairi jingine lililo karibu. Sogea mlangoni penye mwanga, ukunje ubavu kwa nje na uutazame mkunjo wenyewe: mpira uliokaa miaka mingi ghalani huonyesha nyufa nyembamba hapo, hata kama kashata bado zinang'aa. Muuzaji akikukataza kulikunja tairi analotaka ulilipie, msalimie uende zako.

Nafasi ya kwanza kati ya matairi yote naipa Maxxis Ikon, na sitajifanya kwamba sina upendeleo. Ningeweza, ningeyavalisha matairi hayo hata toroli la shambani. Linalonivutia ni neno EXO lililoandikwa ubavuni, ambalo maana yake ni kwamba kuna tabaka la ziada la kitambaa kigumu kisichochanika kwa urahisi, limewekwa pale hasa ninapopalalamikia. Ikon huviringika kwa wepesi kwenye barabara za changarawe zinazounganisha kijia na kijia, na, jambo ambalo kwa wengi wetu ni la maana zaidi, limetengenezwa pia kwa baiskeli za inchi 26, zile za mtumba ambazo nusu ya washiriki wa mbio za vijijini bado wanazipanda. Mwenye baiskeli ya inchi 29 na achukue upana wa 2.35 kama fremu inaruhusu, kwa kuwa tairi pana linakubali upepo mdogo bila kugonga rimu. Ni kweli kwamba kashata zake ni fupi na kwamba kwenye kona yenye vumbi jingi gurudumu la mbele hutaka kuteleza. Kona hiyo ipite polepole. Sekunde utakazopoteza hapo hazilingani na dakika za kuziba pancha.

Tahadhari moja, na ni kubwa. Ikon hutolewa kwa madaraja mbalimbali, na yapo yasiyo na EXO. Jina ni lilelile, kashata ni zilezile, na picha ya tangazo huwa ni ileile ya tairi la bei ya juu. Kama neno hilo halimo ubavuni kwa maandishi, hilo si tairi ninalolizungumzia hapa.

La pili ni Continental Race King, lakini lile lenye neno ProTection tu. Kinga yake imetandazwa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kwa hiyo ubavu haukuachwa nje, na mpira wake, unaotengenezwa kiwandani Korbach nchini Ujerumani, ni mwepesi sana kuviringika. Kwa mbio za kasi kwenye barabara pana za vumbi, huenda mwingine akaliweka mbele ya Ikon, na sitagombana naye. Nimeliweka la pili kwa kuwa ni adimu madukani kwetu, na kwa kuwa hili nalo lina ndugu wa bei rahisi mwenye jina lilelile anayeuzwa kwa kujificha nyuma yake.

Vittoria Mezcal linashika nafasi ya tatu. Kashata zake za katikati zimekaa karibu karibu, na kwa sababu hiyo halimomonyoki upesi kwenye changarawe. Chagua lile lililoandikwa XC-Trail, uliache la XC-Race, ambalo wepesi wake umetokana na kupunguziwa kinga ubavuni.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Schwalbe Marathon Plus MTB, tairi ambalo mafundi wengi hulisifu kuwa haliingii mwiba. Lina tabaka la mpira la milimita 5 chini ya kashata, na kwa mwalimu au muuguzi anayeendesha kila siku kwenda kazini kwa njia kuu ya kijijini, ni ununuzi wa busara. Kwa mbio, hapana: tairi moja linakaribia kilo au kuizidi, na hiyo milimita 5 imewekwa mahali ambapo mbigili huchoma, si mahali ambapo mgunga huchoma.

Kuhusu matairi ya bei nafuu sina mengi. Ukilazimika, chukua CST, ambalo linatoka kwa kampuni ya Cheng Shin ya Taiwan inayotengeneza pia Maxxis, ulitie tyubu yenye dawa ndani, na usilishushe upepo. Yale yasiyo na jina, yenye ukingo wa waya na harufu inayojaza chumba, hayafai kwa njia hizi.

Kabla hujalipa, soma namba mbili zilizounganishwa kwa kistari zilizochongwa ubavuni, mathalani 57-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na hiyo ya pili haidanganyi. Baiskeli ya mlimani ya inchi 26 ni 559, ya 27.5 ni 584 na ya 29 ni 622. Tairi la inchi 28 la baiskeli za Phoenix ni 635, na halitakaa kwenye rimu ya 29 hata fundi akilipiga nyundo. Vilevile tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, la zile baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele, ni 590. Haliingiliani na 559, ingawa yote mawili huitwa "ishirini na sita" na hutundikwa kwenye msumari mmoja.

Dawa ya pancha ni nusu ya ununuzi, na wengi huisahau. Tairi la inchi 29 la upana wa 2.2 linataka takriban mililita 100. Kwa kawaida dawa yenye utomvu wa mpira hudumu miezi miwili hadi sita, na kwa joto na ukavu wa kiangazi chetu ihesabu kwa upande wa miezi miwili. Fungua kiini cha valvu, ingiza njiti nyembamba ndani: ikitoka kavu, tairi lako halina ulinzi wowote, hata kama limejaa upepo. Rimu nyingi za zamani hazikutengenezwa kwa ajili ya tyubulesi, na mwenye rimu hizo asilazimishe. Atumie tyubu ambayo kiini cha valvu yake hufunguka na amimine dawa humo. Na akipata pancha, asiweke tyubu nyingine kabla ya kupitisha kipande cha kanga kuukuu ndani ya tairi lote, kwa mzunguko wa polepole. Ncha ya mwiba iliyovunjikia kwenye nyuzi, ambayo jicho haliioni, hunasa uzi wa kanga mara moja.

Sasa kuhusu bei. Nchini Marekani Ikon moja lenye EXO huuzwa kwa zaidi ya dola 60, na likifika kwetu baada ya usafiri na ushuru, mawili yanaweza kuzidi bei ya baiskeli nzima ya mtumba. Hilo naweza kulielewa. Nisilolielewa ni tangazo lenye picha safi, sifa ndefu, alama za moto, kisha "bei njoo inbox", kana kwamba bei ni ugonjwa wa siri. Ukienda huko inbox unaulizwa kwanza unaishi wapi, na mkazi wa mjini hutajiwa bei moja huku anayesema anafanya kazi na watalii akitajiwa nyingine. Wapo pia wanaouza dawa iliyokaa miezi dirishani kwenye jua, chupa ikiwa imeganda chini kiasi kwamba ukiitikisa husikii kitu kikicheza ndani, na ukiuliza unaambiwa ndivyo ilivyo, ni nzito kwa sababu ni original.

Kwa ununuzi wa mtandaoni, basi, mwambie muuzaji akupigie picha ya ubavu wa tairi lile hasa atakalokutumia, mkono wake ukiwa umelishika, neno EXO na namba ya kipimo vikisomeka. Akikutumia picha iliyochukuliwa intaneti, mtafute mwingine.